Pete ya Chini

Kila asubuhi, kabla hajafungua jalada lolote, Jenista Nzowa alifuta meza yake. Ofisi ya upelelezi ilitazamana na barabara kuu, na malori yaliyolala kwenye foleni ya mpakani yakianza kuwasha injini, vumbi na moshi vilipenya kwenye wavu wa dirisha na kutua juu ya kila kitu. Alifuta kwa kitambaa chenye maji, akakikamua, akafuta tena. Kisha akamimina chai kutoka kwenye chupa, akaweka karanga za kuchemsha pembeni ya kikombe, akaketi.

Siku hiyo hakuwahi kumenya hata moja. Mlango ulisukumwa bila hodi, akaingia mwanamke aliyebeba kitu kwa mikono miwili, kimefungwa kwenye kanga, kama mtu abebavyo mtoto aliyelala. Akakilaza katikati ya meza. Mbao zikalia kwa uzito.

"Afande," alisema, "Yonasi hana kosa."

Jenista alimfahamu. Alikuwa Faith, mjane wa Brian Simbeye, dereva aliyekufa Jumamosi kwenye mteremko wa barabara ya Chitete. Na Yonasi, fundi wa kuchomelea aliyekuwa mahabusu nyuma ya jengo hilohilo kwa sababu ya kifo cha Brian, alikuwa kaka yake Faith wa tumbo moja.

"Pole sana, dada. Kaa kwanza. Umetoka matangani peke yako?"

"Nimesema naenda dukani."

"Na hiki ni nini?"

"Watu wa kule bondeni walikileta jana. Walikikuta kwenye majani, mbali na gari. Walileta hiki na kiatu chake kimoja."

Jenista hakushangaa. Huku, kitu cha marehemu kikiokotwa hupelekwa msibani. Hakuna anayewaza kukipeleka polisi. Alivaa glavu, akafungua kanga.

Ndani mlikuwa na shokapu ya mbele, nene kama kifundo cha mkono, imechongwa nyuzi za kuzungushia, kama za boliti, mwili mzima, springi ikiwa bado imeizunguka. Pete tatu za chuma zilikuwa zimesokotwa kwenye nyuzi hizo: mbili zilikaa juu, zimebana springi, ya tatu ilikuwa peke yake chini, karibu na ncha. Ncha yenyewe ilikuwa wazi. Mguu uliopaswa kuishika shokapu kwenye gurudumu haukuwepo, na nyuzi za mwisho zilikuwa zimelala kama meno ya kitana kilichokanyagwa.

"Kwa nini unasema Yonasi hana kosa?"

"Hana."

"Unajuaje?"

Faith alizitazama karanga. Macho yake yalikuwa makavu na yamevimba. "Wewe ndiye mpelelezi, afande. Kiangalie tu."

Akasimama na kutoka. Kanga yake aliiacha mezani.

* * *

"Huyo ni dada wa mtuhumiwa," alisema Hezron, Mkuu wa Upelelezi, bila kuinua macho kwenye jalada. "Amekuletea chuma kutoka matangani. Unajuaje kama kimetoka kwenye gari lile?"

"Ndicho ninachotaka kuhakikisha, mkuu."

"Jalada linakwenda Vwawa mchana huu. Wakili wa Serikali analisubiri. Kuua bila kukusudia. Fundi kachonga shokapu uchochoroni, kachomelea, imekatika, mtu amekufa. Unataka nini zaidi?"

Tunduma nzima ilikuwa na maelezo hayohayo. Brian alikuwa na Toyota Wish iliyofanya kazi mbili zisizopatana. Siku za harusi aliikodisha kwenye misafara, na bwana harusi wa siku hizi hapandi gari lililoinuka kama la kubebea mahindi, kwa hiyo ilibidi liwe chini, limelala juu ya lami. Siku nyingine alibeba abiria wa Chitete, na kule gari la chini haliwezi kuvuka hata mfereji wa kwanza. Alihitaji shokapu za kupandisha na kushusha, zile vijana wanazoziita koilova. Njia zilikuwa mbili. Kulikuwa na seti kamili, inayokuja ndani ya boksi, dukani kwa Sufiani karibu na forodha. Au shemeji yake Yonasi angechukua shokapu za kawaida, azivishe bomba la nyuzi, achomelee, na kutafuta springi za gari jingine zenye kimo kinachofaa. Brian alichagua za shemeji. Kijiweni walibishana juu ya uamuzi huo hadi wakachoka. Halafu mguu wa mbele kushoto ulichomoka mteremkoni, gari likabiringika na kuwaka moto, na ubishi ukaisha.

Mkaguzi wa magari aliandika kile kilichokuwa midomoni mwa watu: shokapu ya kuchonga, imekatika kwenye mshono wa kuchomelea. Lakini shokapu yenyewe hakuwa ameiona. Ilikuwa majanini.

"Nipe mpaka mchana," alisema Jenista.

Hezron alifunga jalada. "Mpaka dereva awashe gari."

Mabaki ya Wish yalikuwa nyuma ya kituo, yamefunikwa turubai. Shokapu tatu zilizobaki zilikuwa nyeusi tititi, na asingeweza mtu kutofautisha rangi na masizi. Jenista alipiga magoti kando ya gurudumu la mbele kushoto. Mguu wa shokapu ulikuwa bado umefungwa pale kwa boliti zake, na juu yake kulikuwa na tundu la mviringo lenye nyuzi kwa ndani. Aliinua shokapu ya Faith, akailenga, akaizungusha polepole. Ilikwama kidogo kwenye nyuzi zilizolala, kisha ikaingia.

Kilikuwa chuma cha gari lile. Hilo moja lilikwisha.

Lakini alibaki amepiga magoti. Kama shokapu huzungushwa ikaingia kwenye mguu, basi mshono uko wapi? Alitoa funguo mfukoni, akakwangua rangi nyeusi. Chini yake kulikuwa na rangi nyingine, bluu, nyororo, ya kiwandani. Akakwangua mahali pengine. Bluu. Alipitisha kidole juu mpaka chini, akarudia. Hakuna alama ya kuchomelewa popote.

Kisha akazitazama pete. Mbili za juu zilikuwa na vumbi jekundu lililoganda kwenye mapengo yake. Hazikuwa zimeguswa kwa muda mrefu. Pete ya chini ilikuwa safi, na kwenye kingo za pengo lake moja palikuwa na makovu mapya, yanang'aa, ambapo chuma kipana kilikuwa kimelazimishwa kuingia mahali pasipokitosha. Makovu yote yalikuwa upande mmoja, upande wa kulegeza.

Kabla ya kurudisha turubai alimulika ndani kwa tochi ya simu. Chini ya kiti cha dereva, ndani ya majivu, kulikuwa na kipande chembamba cha chuma chenye ncha iliyopinda. Alikipiga picha, akakitia kwenye mfuko wa vielelezo.

* * *

Yonasi alikuwa mtu mkubwa, mwenye mikono iliyojaa madoa ya cheche. Katika chumba cha mahojiano alijikunja kwenye benchi kama mtu anayeona aibu kuchukua nafasi. Jenista aliiweka shokapu mbele yake, upande uliokwanguliwa ukiwa chini.

"Unaifahamu?"

Yonasi aliigeuza mara moja tu. Bluu ikaonekana. "Mmeitoa wapi hii?"

"Kwenye gari la shemeji yako."

"Hapana."

"Mguu wake uko kwenye gurudumu. Nimeujaribisha mwenyewe."

"Hapana, afande. Hii imetoka kiwandani. Hii siyo kazi yangu."

Jenista alisubiri kuona ahueni. Mtu huyu alikuwa amelala sakafuni tangu Jumamosi jioni kwa kosa la mshono, na sasa mshono haukuwepo. Lakini Yonasi aliirudisha shokapu mezani taratibu, akaukodolea macho ukuta.

"Alizitoa lini?" aliuliza.

"Sijui bado."

"Angeniambia tu. Ningemfungia mwenyewe." Alifuta uso kwa kiganja. "Zimepakwa rangi nyeusi. Zangu nilizipaka nyeusi. Alitaka nikipita nione nyeusi niridhike."

"Yonasi, nisikilize. Wakati ule anachagua, ulimwambia nini kuhusu hizi seti?"

"Nilimwambia ukweli. Seti ni nzuri. Springi na shokapu vimepimwa pamoja, huhangaiki. Lakini ikiharibika kule Chitete, spea utaagiza wapi? Ya kwangu ikiharibika, springi unaipata Tunduma hapahapa. Na ya kwangu ina kelele."

"Kelele?"

"Nilifanya makusudi." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Yangu, mwili na mguu ni kitu kimoja, sijavitenganisha. Pete ziko mbili tu na kazi yake ni kushika springi. Ya chini ikilegea, springi inashuka, inagonga. Inagonga kama mlango uliosahauliwa kwenye upepo. Gari linalala upande, dereva anaona aibu, anasimama, anakaza. Au anarudi nyumbani. Haiui mtu."

"Na hii?"

"Hii ina pete tatu. Hii ya chini kabisa haihusiani na springi. Ndiyo inayofunga mwili wa shokapu kwenye mguu. Ikilegea huwezi kujua mapema. Na kama alikuwa ameipandisha kwa ajili ya Chitete, nyuzi zilizobaki ndani ya mguu ni chache. Gari likirukaruka kidogo tu..."

"Pete hizi hulegezwa kwa kitu gani?"

"Spana ya ndoano. Mimi niliwatengenezea ya kwangu, kwa kipande cha springi ya Fuso. Nene, haivunjiki. Niliwaonyesha wote wawili, yeye na Faith, namna ya kuitumia, maana Brian mgongo ulikuwa unamsumbua."

Jenista aliandika. Akauliza kwa sauti ileile, "Jumamosi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kijijini Ruanda. Makaburini, nafyeka. Mchungaji alikuwepo, na wazee wa kanisa. Tulikuwa tumwekee msalaba mtoto wa Brian na Faith, yule aliyefariki mwaka jana. Brian alikuwa ameshaahirisha mara mbili. Safari hii alisema atakuja." Yonasi aliiangalia mikono yake. "Tulisubiri mpaka jua likawa kali. Kumbe alikuwa amepata kichwa, abiria wa kukodi wa kumfuata Chitete."

* * *

Duka la Sufiani lilikuwa limejaa vioo vya pembeni, taa na betri hadi mlangoni. Mteja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alikuwa anafungiwa mzigo wake. "Natotela, boss," alishukuru, akaondoka. Sufiani, mfanyabiashara wa Kondoa aliyekuja Tunduma akiwa kijana na kuzeekea hapo, alimkaribisha Jenista kwa mikono miwili.

"Afande! Leo umekuja kununua au kukamata?"

"Inategemea na bei."

Alicheka sana, kuliko utani wenyewe ulivyostahili. "Kaa hapo, dada yangu. Soda?"

"Wiki iliyopita, hapo barazani, ulimwambia Brian Simbeye kwamba atakufa na vyuma vya shemeji yake. Watu wanne wamekusikia."

"Astaghfirullah. Maneno ya biashara yale. Kila siku nawaambia watu hivyo. Mangi wa duka la jirani huwaambia wateja kwamba betri zangu zinalipuka, je, zimelipuka?"

"Brian amekufa."

Kicheko kiliondoka. Sufiani alijishughulisha na kupanga plagi zilizokuwa tayari zimepangwa. "Allah amrehemu. Ndiyo nikasema mimi, vya kuchonga vina mwisho wake. Kitu kinachotoka kwenye boksi ni kitu kilichopimwa. Huyu fundi anakadiria kwa jicho."

Jenista aliitoa shokapu kwenye mfuko na kuiweka kaunta, bluu juu.

Sufiani hakuigusa.

"Juu ya kichwa chako," alisema Jenista, "kwenye rafu ya tatu, kuna boksi lenye picha ya kitu hiki. Rangi hii. Pete tatu."

"Bidhaa hizi ziko nyingi mjini."

"Mjini hapa anauza nani mwingine?"

Sufiani aliacha plagi zake. Akaenda mlangoni, akavuta pazia nusu, akarudi na kukaa juu ya kreti.

"Aliniapisha," alisema. "Zile za shemeji yake zilikuwa salama, ila zinapiga kelele sana. Maharusi wanalalamika. Akanunua kwangu kimya kimya, na rangi nyeusi ya kupuliza akanunua papo hapo, akazipaka uani kwangu. Akaenda kuzifungisha Vwawa kwa fundi asiyemjua. Akaniambia, mzee, nikiziondoa za Yonasi mbele ya macho yake nitakuwa nimemtukana. Na mke wangu ni dada yake. Kwa hiyo nikamsaidia. Hata ule ubishi wa barazani tulikuwa tunaucheza. Alikuwa ananikonyeza."

"Na Yonasi yuko mahabusu tangu Jumamosi."

"Najua."

"Hukuja kituoni."

"Nije niseme nini, afande? Kwamba seti kamili ya Sufiani ndiyo iliyomwangusha? Nani atanunua tena hapa?" Aliongea akitazama chini. "Nilijiambia fundi atatoka tu, polisi hawatakosa kuona. Kila siku nikajiambia hivyo."

Jenista alinyoosha kidole kwenye rafu ya tatu.

"Nionyeshe spana inayokuja na seti."

Sufiani alishusha boksi, akalifungua. Spana ilikuwa nyembamba, yenye ncha iliyopinda, sawasawa na ile ya kwenye majivu. Jenista aliichukua, akaingiza ncha yake kwenye pengo la pete ya chini. Iliketi vizuri, na ikabaki nafasi kila upande. Haikugusa yale makovu.

"Brian ya kwake aliiweka wapi?"

"Garini. Chini ya siti. Aliogopa nyumbani wataiona wataanza kuuliza."

Jenista aliendelea kuitazama ile ncha. Mtu aliyelegeza pete hii hakutumia spana yake. Sufiani alikuwa na boksi zima la spana za aina hiyo. Angetaka kufanya ubaya, asingehangaika na chuma kinene. Brian mwenyewe alikuwa nayo chini ya kiti. Aliyelazimisha chuma kipana kwenye pengo jembamba alikuwa mtu asiyejua kwamba spana nyembamba ipo, kwa sababu hakujua kwamba shokapu zimebadilishwa. Alijua pete ya chini tu, ile inayogonga.

"Utakuja kituoni kuandika maelezo," alisema. "Leo. Kwa miguu yako."

"Nitakuja. Na yule fundi... mwambie..."

"Utamwambia mwenyewe."

Nje, malori yalikuwa yamesogea urefu wa lori moja. Alimpigia Hezron.

"Mkuu, zuia jalada. Shokapu siyo ya Yonasi. Nina muuzaji. Na pete ililegezwa kwa mkono."

Upande wa pili kiti kikalia. "Nikilizuia, litabadilishwa jina la mtuhumiwa. Jina gani?"

Jenista aliwaza kanga iliyobaki mezani kwake. "Nitakupigia," alisema.

* * *

Nyumba ya marehemu ilikuwa mtaa wa Maporomoko, ya matofali ya kuchoma, na uwanjani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka wakichambua maharage. Mama yake Brian alikuwa katikati, shuka begani, hachambui chochote. Jenista aliinama, akamshika mikono.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Mmemfunga yule fundi?"

"Bado tunafuatilia, mama. Naomba kuzungumza na Faith kidogo."

"Hajala huyo. Mwambie ale. Sisi hatusikilizi."

Faith alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye bamba la kufulia, beseni mbele yake. Alikuwa anafua shati la kiume ambalo tayari lilikuwa jeupe. Kando ya mlango wa jikoni, kitu kiliegemea ukuta kimevikwa kiroba cha mbolea. Kona ya kiroba ilikuwa imeshuka, na Jenista aliona saruji, mkono mmoja wa msalaba. Ulikuwa mdogo. Mtu angeweza kuubeba kwapani.

"Dada Faith. Ile spana aliyowatengenezea Yonasi iko wapi?"

Faith hakuuliza spana gani. Alikung'uta mikono, akaenda nyuma ya pipa la maji, akarudi nayo. Ilikuwa nzito, ya chuma cheusi, na ncha yake ilikuwa pana kama kidole gumba.

Jenista aliangalia huku na huku. Aliokota kipande cha sabuni ya mche kwenye ukingo wa bamba, akaikandamiza ile ncha juu yake kwa nguvu zote, akaitoa. Ikabaki alama, na upande mmoja wa alama hiyo kulikuwa na kimwinuko kidogo, pale ambapo jiwe la kunolea la Yonasi liliruka. Akatoa shokapu kwenye mfuko wa vielelezo, akaizungusha pete ya chini mpaka ikatoka, akaiweka juu ya sabuni, kovu juu ya alama. Upana ulikuwa mmoja. Hata kimwinuko kiliingia mahali pake.

Faith alitazama yote hayo bila kusogea. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye shati.

"Kabla hujasema neno," alisema Jenista, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko alivyotaka, "hulazimiki kusema chochote. Ukisema nitaandika, na kitasomwa mahakamani. Umenielewa?"

"Yonasi atatoka?"

"Yonasi atatoka leo, kwa namna yoyote."

Faith alitikisa kichwa kukubali. Alikaa kwenye ukingo wa bamba. "Yonasi alisema itagonga. Alituonyesha mwenyewe. Alilegeza akaendesha mpaka barabarani, ikagonga mpaka watoto wakacheka. Nilisimama hapa Jumamosi nikasikiliza. Haikugonga. Gari likaenda kimya mpaka likapotea. Nikajua nimekosea, nimekaza badala ya kulegeza. Nikaendelea na kazi." Aliinua uso. "Mpaka sasa sielewi, afande. Kwa nini haikugonga?"

Jenista alitamani mtu mwingine ajibu swali hilo. Uwanjani maharage yalikuwa yanaanguka kwenye sinia, moja moja.

"Hazikuwa za Yonasi," alisema. "Brian alizibadilisha. Alinunua seti dukani, akazipaka nyeusi msione. Kwenye zile, pete ya chini ndiyo inayoshika mguu."

"Alizibadilisha?"

"Ndiyo."

"Lini?"

"Sijapata siku kamili. Hakutaka Yonasi aumie. Na wewe pia, nadhani."

Faith alikitazama kile kiroba kando ya mlango, kisha akainuka, akaenda kuivuta kona iliyoshuka na kuufunika msalaba vizuri, kama mtu anayemfunika aliyelala. Aliporudi hakukaa.

"Asubuhi ile alikuwa anaoga," alisema. "Alikuwa amevaa tabasamu tangu jana yake, akisema kichwa cha Chitete kinalipa vizuri, Ruanda tutakwenda wiki ijayo. Wiki ijayo. Mara ya tatu hiyo. Nilimwambia sawa. Nilimtengea chai. Kisha nikachukua spana nikaenda kulala chini ya gari."

"Ulitaka nini, Faith?"

Faith aliangalia upande wa uwanjani alikokaa mama mkwe wake, na mara hii hakupunguza sauti. Maharage yakaacha kuanguka.

"Nilitaka arudi. Nilitaka gari lipige kelele mpaka aone haya, arudi hapa amekasirika, anitukane mbele ya majirani, halafu akishamaliza kunitukana twende wote. Alikuwa anakimbia lile kaburi, na mimi nalikimbia vilevile, ila mimi nilikuwa sina gari. Nilishindwa kumwambia. Kila siku nilimwambia sawa, sawa, nenda. Nilikuwa nataka kumwambia, usiniache niende kwa mtoto wetu peke yangu."